Kapkatet, na Mlango wa Nyumba Uingiao Mkobani

Wiki hii tutoke kidogo kwenye upepo wa bahari, twende Kapkatet, katika kaunti ya Kericho, nchi ya chai.

Atokaye Mombasa hupanda treni au basi hadi Nairobi, akateremka bonde la Mai Mahiu, akapita Narok na Bomet, kisha kwenye njiapanda ya Kaplong akakata kulia kuifuata barabara ya Litein na Kericho. Kapkatet iko njiani humo. Pande zote ni vilima vilivyovikwa zulia la kijani, na wachumaji wamezama humo hadi kiunoni, wakichuma majani mawili na kichipukizi. Wenyeji ni Wakipsigis, watu wa ukarimu na wa maziwa. Ukiwaamkia kwa "chamgei" nyuso zao hung'aa. Baridi ya jioni humfanya mtu wa Pwani aukumbuke ukuta wa nyumbani kwake ulivyo na joto.

Huenda msomaji akauliza: watu wetu wana nini huko? Jibu ni elimu. Mji huu una hospitali ya umma, na una tawi la KMTC, chuo cha serikali kinachofundisha wauguzi na matabibu. Vijana wa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale hupangiwa vyuo mbali na kwao, na wengi wao ni mabinti wanaolala nje ya nyumba ya mama zao kwa mara ya kwanza. Sisi nasi tulikwenda watano kumsindikiza mpwa wetu wa kike. Mamake, aliyebaki Mombasa kwa sababu ya ugonjwa, alikuwa na ombi moja tu: kila usiku auone uso wa mwanawe. Ombi dogo, lakini ndani yake mna utulivu wa nyumba nzima.

Hapo ndipo kilipotufaa kidude ambacho jamaa mmoja alitutilia mkobani: ruta ya safari. Kwa umbo haizidi kiganja cha mkono. Ruta hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ina betri yake na mahali pa kutia laini ya simu. Huupokea mtandao kutoka mnarani na kuugawa kwa waifai kwa simu zote zilizo karibu. Ya pili haina laini. Huchukua waifai ya nyumba ya wageni, au waya wa mtandao, au intaneti ya simu iliyounganishwa kwa kebo, kisha ikaigawa upya kwa jina na neno la siri ulilolichagua wewe. Zipo pia zinazoweza kufanya kazi zote mbili.

Mtu atasema: mbona simu yangu nayo hugawa intaneti? Ni kweli, na msafiri wa peke yake haina haja ya kumtuma dukani. Lakini simu inayogawa huchoka betri upesi, na mwenye simu akienda msikitini ameondoka na mtandao wa nyumba nzima. Ruta hubaki chumbani na watu wa chumbani.

Yafaa kufahamu kwamba chombo hiki hakizalishi mtandao. Ni kama mtungi: huteka, huhifadhi na hugawa, lakini kisima kikikauka nao hauna maji. Nchi ya vilima ina vivuli vya mawimbi kama ilivyo na vivuli vya jua. Mawimbi ya masafa ya chini, kama yale ya megahezi 800, hufika mbali na hupenya kuta vyema zaidi. Ya masafa ya juu hubeba shehena kubwa lakini huzuiliwa mapema. Kuta za mawe na paa la mabati huongeza kizuizi. Simu hukaa pale alipo mwenyewe, kitandani au jikoni, ilhali ruta unaweza kuiweka dirishani, juu, kwenye upande ulio wazi kuelekea mnara. Kwetu sisi, kuihamisha kutoka mezani hadi dirisha la upande wa pili kulitosha kuitoa sura ya mpwa wetu katika ukungu.

Kuna jambo la kumfariji mtu wa Pwani katika safari hii. Majani yanayosindikwa katika kiwanda cha chai cha Kapkatet, kimojawapo cha viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA, hushuka hadi Mombasa, ambako mnada wa chai umekaa tangu mwaka 1969. Na intaneti yapanda kwa njia ya kinyume: mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua pwani yetu kupitia chini ya bahari, ile ya kwanza ikitokea Fujairah, huko kwa jamaa zetu wa Ghuba. Basi kati ya kwetu na kwao mna biashara ya zamani: chai yashuka, habari zapanda.

Hata hivyo, faida ninayoiona kubwa kuliko kasi ni sitara. Katika nyumba ya wageni tuliyofikia, neno la siri la waifai lilibandikwa ukutani pa mapokezi, na kila apitaye alilisoma. Mtandao wa namna hiyo ni ukumbi usio na mlango. Dini yetu imetulea kubisha hodi na kungoja idhini kabla ya kuingia kwa mtu, na simu ya leo ni chumba cha ndani: mna picha za mama asiye na mtandio, mna barua za daktari, mna fedha za M-PESA. Ruta yako ikisimama baina ya simu zenu na mtandao wa watu, vifaa vya wageni wengine havizifikii simu hizo moja kwa moja. Nyingi pia hukubali VPN, yaani kuyapitisha mawasiliano yote katika njia iliyofungwa kwa msimbo. Lakini mlango hauzuii mwizi uliyemkaribisha mwenyewe: anayebonyeza kila kiungo cha zawadi hakuna ruta itakayomwokoa.

Kwa atakayenunua, nausia haya. Chagua yenye idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na isiyofungiwa mtandao wa kampuni moja, ili ukifika mahali uulize wenyeji laini ipi yashika kisha utie hiyo. Badilisha neno la siri la kiwandani siku ile ile. Na jihadhari na israfu: simu ikiona waifai hudhani ni ya bure, ikaanza kupakia picha zote na kusasisha programu, na bando la wiki likaisha usiku mmoja. Katika mipangilio ya kila simu, onyesha kwamba mtandao huo ni wa kupimwa.

Si kila jambo, lakini, lahitaji intaneti. Kapkatet iko magharibi ya Mombasa, na adhuhuri huko huchelewa kwa takriban dakika 18. Mombasa kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja. Kapkatet huinamia mashariki kwa kiasi cha nyuzi 11. Anayefuturu huko kwa saa za Mombasa huenda amefuturu kabla ya jua kutua. Irekebisheni programu ya saa za sala mahali mlipo, na jedwali la mwezi liandikeni karatasini, kwani karatasi haiombi chaji.

Mpwa wetu tulimwachia ruta ile. Hutumia laini ya bando la mwanafunzi, na kila baada ya isha mamake humwona, wakaulizana walichokula. Wenye mabinti waliopangiwa vyuo vya mbali na wasihesabu gharama ya kifaa pekee; wahesabu na usingizi wa mama. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu ugenini, awape elimu yenye manufaa, na awarejeshe kwetu salama. Amin.