KUTOKA WODINI, SEHEMU YA 9: Geti la saa nne usiku

Mama zangu, wiki iliyopita mlinijazia ujumbe: foleni ndefu kliniki, choo kichafu, nesi mkali. Nimesoma zote, na sitawaambia mvumilie. Leo naongelea kitu ambacho wengi hamjui kama ni chenu: kamati ya usimamizi wa kituo.

Kila zahanati na kituo cha afya cha serikali hapa Tanzania kinatakiwa kuwa nayo. Mganga mfawidhi ndiye katibu, lakini ndani yake kuna wajumbe wanaotoka kwa wananchi wanaotumia huduma. Na sio kamati ya kunywa soda tu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo badala ya kupitia halmashauri, na kamati ina sauti kwenye mpango wa matumizi. Yaani kama pazia la leba litanunuliwa au litasubiri, kuna kikao kimeamua. Swali ni nani alikuwepo.

Kabla sijahamia hospitali nilikaa kituo kimoja cha afya kijijini (jina naliacha). Kamati ilikuwepo. Wajumbe wa wananchi walikuwa wazee wawili wa heshima na mwalimu mstaafu. Watu wema kabisa, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwenye kitanda cha leba. Mwaka ule walipanga kupaka rangi jengo la mbele.

Akaja mganga mfawidhi mpya, mama wa makamo, akasema mpango hauandikwi mpaka tukae na wanaotumia. Tukatumia kadi ya alama, njia iliyoanzishwa Malawi mwaka 2002 na shirika la CARE. Akina mama wanakaa peke yao, wanataja yanayowasumbua na kuyapa alama. Watumishi nao wanakaa kivyao. Halafu mnakutana uso kwa uso. Tulikaa chini ya mwembe, siku isiyo ya mnada, watoto mgongoni, na hakuna aliyeandikwa jina.

Sisi manesi tulitegemea wataanza na dawa. Dawa walizitaja, lakini alama ya chini kabisa wakalipa geti.

Geti jamani! Watumishi tunaishi ndani ya uzio, geti kwetu ni kitu cha mchana. Kumbe likishafungwa saa nne usiku, mlinzi analala upande wa pili karibu na jenereta. Mama anafika na uchungu saa nane usiku, bodaboda anapiga honi, shemeji anagonga na jiwe, kimya. Mama mmoja alisimulia kwamba wa pili wake alizaliwa pale nje, juu ya khanga, akapokelewa na mkwewe. Mtoto mwenyewe alikuwa pembeni anakula embe.

Jirani yake ndiye aliyeninyima usingizi. Aliposikia habari hiyo aliamua kujifungulia nyumbani tu. Akatokwa na damu nyingi, akaletwa kwetu amelegea, tukampa rufaa, akaongezewa damu hospitali. Amepona. Mnajua damu ya baada ya kujifungua inaweza kumaliza mtu ndani ya saa chache, nimeshaieleza huko nyuma. Sasa kwenye rejesta mama huyu anasomeka "amejifungulia nyumbani". Ukisoma hiyo peke yake utasema elimu haijamfikia. Elimu alikuwa nayo, kliniki alihudhuria. Hakukuwa na mahali pa kuandika geti.

Na sisi tukasema yetu. Usiku nesi ni mmoja: leba ni yeye, wodi ni yeye, mtoto mwenye degedege akiletwa ni yeye. Akina mama walishangaa, walidhani tuko wanne tumelala. Hiyo haikufuta ukali wa baadhi yetu, na walisema hivyo hivyo mbele yetu. Sawa tu.

Rangi ikasogezwa. Fedha ikanunua kengele ya geti na taa ya sola, na mlinzi akahamishiwa getini. Siku ya kliniki iliyokuwa inagongana na mnada ikabadilishwa, bila hata shilingi. Choo kilichukua muda mrefu kuliko nilivyopenda. Maji ya leba yalihitaji pampu ambayo fedha ya kituo haiwezi, barua ikaenda halmashauri, na nilipohama bado tulikuwa tunabeba ndoo.

Sasa ninyi. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni angalau kila miezi mitatu. Nenda ukaulize wajumbe wa kamati ya kituo chetu ni akina nani, na nafasi zao zinajazwa lini. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na mipango huandikwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo ukienda Juni umechelewa. Mkienda wawili watatu ni rahisi kuliko mmoja, maana kuna mzee atakuuliza umetumwa na nani.

Na aliyeniuliza kama anaruhusiwa kwenda na kichanga: ndiyo, nenda naye. Mbebe, na ukae karibu na mlango ili akilia utoke kidogo urudi.