Kizazi Kilichoamka Nusu

Sisi tuliosoma miaka ya mwanzo ya Uhuru tulikulia katika maneno mazito: Ujamaa, Kujitegemea, Ukombozi. Neno renaissance tulikutana nalo darasani, tukaambiwa ndizo zama Ulaya ilipozaliwa upya. Waingereza wamelitwaa kwa Wafaransa. Mwanahistoria Jules Michelet aliita hivyo juzuu moja ya historia yake ya Ufaransa mwaka 1855. Lakini Giorgio Vasari wa Italia alikwisha kuandika habari za kuzaliwa upya kwa sanaa mwaka 1550, tena kwa lugha ya kwao.

Tulifundishwa kwamba Wazungu waliamka kwa kufufua vitabu vya Wagiriki na Warumi. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Elimu ile haikuachwa mikononi mwa wachache wanaojua Kilatini. Dante, aliyefariki mwaka 1321, alikuwa ametunga kazi yake kuu kwa lugha ya watu wa Florence. Martin Luther akatoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522. Shakespeare naye akaandika tamthilia zake kwa Kiingereza, ilhali vyuo vikuu vya nchi yake vikiendelea kuenzi Kilatini.

Nasi Tanzania tuliamka. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare huyo huyo, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa 1964, Baraza la Kiswahili likafuata 1967, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi nchi nzima. Mwaka ule wa 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Likaja vuguvugu la kisomo: wazee wakakaa kwenye madawati ya watoto wao, na kina mama waliozoea kutia dole gumba wakaandika majina yao. Kufikia 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama mmoja katika kila kumi. Anayesema kizazi chetu hakikufanya kitu hajui tulikotoka.

Lakini mwamko wetu uliishia mlango wa darasa la saba. Mwaka 1982 tume ya serikali kuhusu elimu, Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali kwa Kiswahili alifika kidato cha kwanza akanyamaza, akaanza kukariri asichokielewa. Na wenzetu waliopata vyeo, wale wale waliohutubia mikutano kwa Kiswahili kitamu, waliwapeleka watoto wao shule za Kiingereza tangu chekechea. Wananchi waliona, wakaelewa wakubwa wanaamini nini hasa.

Cheikh Anta Diop wa Senegal alikwisha kutuonya. Mwaka 1948, akiwa bado kijana, aliuliza ni lini tutaweza kusema Afrika imezaliwa upya, akaeleza kwamba haiwezekani bila lugha za Waafrika kuinuliwa ziwe za fasihi na elimu. Sisi tulishika fasihi, elimu ya juu tukaiachia wengine.

Leo Kiswahili kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, na tangu 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya lugha ya mahakama zetu. Hayo ni mema, lakini sherehe hazimfundishi mtoto fizikia. Kujifunza Kiingereza ni jambo la busara, na kila mtoto akijue vizuri. Kukifanya mlinzi wa lango la maarifa ndiko kulikotuponza.

Vijana wetu, mnajua sayansi, sheria na uchumi kuliko tulivyojua sisi. Andikeni vitabu vyake kwa Kiswahili, tena sasa. Msisubiri tume nyingine.