Mtoto Gani Hukumsemesha Leo?

Ripoti yangu ya kwanza ya mafunzo hapa Ujerumani ilirudi na mstari mwekundu chini ya neno moja. Nilikuwa nimeandika kwamba mtoto mmoja wa miaka minne ni mkorofi, anavunja minara ya wenzake. Msimamizi wangu pale kwenye kituo cha watoto wadogo ninakofanyia mazoezi, mama aliyefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini, hakunikaripia. Aliuweka ukurasa mezani akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamjibu kuwa nimeona mtoto mkorofi. Akauliza tena, kwa sauti ileile.

Kumbe hapa huandiki mtoto yukoje. Unaandika amefanya nini, saa ngapi, nani alikuwa karibu, na nini kilitangulia. Basi kila alasiri nikawa nakaa dakika kumi kwenye kiti kidogo, daftari mapajani, namtazama yule mtoto. Siku ya nne nikaona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Mnara unavunjwa mlango unapofunguliwa. Kila akiingia mzazi kumchukua mwanawe, mkono wa huyu unakwenda kwenye matofali ya mwenzake. Mama yake alikuwa anafanya kazi ya zamu, na yeye ndiye aliyekuwa akibaki mpaka wa mwisho.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Niliwafikiria watoto wa kwetu Pemba niliowafundisha nikawaita wakorofi. Lugha yetu imejaa maneno ya kumfungia mtoto hukumu: mtukutu, mkaidi, mjuvi, mlizi. Nimekua nayo, nimeyatumia darasani bila kusita, na sina hakika ni wangapi kati ya wale watoto niliowahi kuwatazama kwa dakika kumi mfululizo.

Nasomea kazi hii ya kulea na kufundisha watoto wadogo Baden-Württemberg, kusini-magharibi mwa nchi. Jina lake kwa Kijerumani liko karibu zaidi na mlezi kuliko mwalimu. Mafunzo ni ya miaka mitatu, na kwa kuwa kila jimbo lina kanuni zake, naeleza ya hapa tu. Kabla ya kuanza nilitakiwa kuwa na Kijerumani cha kiwango cha B2, hati ya polisi, na uthibitisho wa kinga ya surua, ambao sheria inaudai tangu Machi 2020 kwa kila aliyezaliwa baada ya 1970 anayefanya kazi na watoto vituoni. Nimo katika mfumo ulioanza jimboni humu 2012: siku tatu za wiki niko chuoni, siku mbili niko kituoni, na nalipwa tangu mwezi wa kwanza. Hilo la malipo nalitaja kwa makusudi. Nyumbani, mwalimu wa nasari ya kijiji hutegemea ada ya wazazi, na mwezi ambao karafuu haijauzwa nimewahi kulipwa kwa pishi ya mchele. Sikuuona kuwa ni udhalili wakati ule, kwani aliyenipa mchele alikuwa amejinyima. Lakini wenzangu wawili waliokuwa na mikono ya dhahabu kwa watoto waliacha kazi kwa sababu hiyo, mmoja akaenda kuuza duka, mwengine akaolewa mjini.

Mimi nilianza 2006, nimetoka tu Kidato cha Nne. Ndio mwaka Sera ya Elimu ya Zanzibar ilipoiingiza elimu ya maandalizi, ambayo Bara huiita ya awali, katika elimu ya lazima. Kijijini kwetu hatukuisubiri sera. Skuli ya maandalizi tulikuwa nayo tayari, ubavuni mwa msikiti, chini ya mpango wa skuli za maandalizi za madrasa. Mpango ule ulianzia Mombasa katikati ya miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa wakufunzi wake wa mwanzo, ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Wazazi walitaka watoto wao wasome Kurani na pia waingie darasa la kwanza wakiwa tayari, na mpango ukayaweka yote mawili chini ya paa moja. Walimu walikuwa wanawake wa hapohapo kijijini. Hakuna aliyetuletea kasha la vitu vya kuchezea. Tulifundishwa kufaragua: vifuu vya kupimia mchanga, komwe za kuhesabia, ukili wa kufumia rangi mbili mbili, makopo yaliyosuguliwa makali yake kwa jiwe hadi yasimkate mtoto. Chumba tulikigawa kona kwa kona, na kila asubuhi mtoto alisema atakwenda kona gani kufanya nini, akaenda, kisha akarudi kwenye mkeka kueleza alichokifanya.

Humu Ujerumani nimekutana na kitu kilichonisimamisha. Kuna vituo ambavyo kwa miezi mitatu hukusanya vitu vyote vya kuchezea na kuvifungia stoo. Mradi huo ulianzia Bavaria 1992, kama njia ya kuwakinga watoto na uraibu wa baadaye: mtoto ajifunze kukaa na uchovu wake wa kukosa la kufanya mpaka abuni la kufanya. Hubaki na meza, mablanketi na maboksi. Darasa letu zima chuoni lilishangaa. Mwalimu akaniomba niwaonyeshe tulivyokuwa tukifanya kwetu, nami nikachora kona zetu ubaoni, nikaeleza kifuu ni nini. Watu ishirini na wawili walinyamaza wakaandika. Sikuwahi kudhani kazi ya mikono yetu ingeandikwa kwenye daftari la mtu.

Lakini si vifuu vilivyonifanya mwalimu, na hapa ndipo ninapotaka wenzangu wa nyumbani wanisikilize.

Kila Jumanne alikuwa akija mkufunzi wa mpango ule kutoka mjini Chake Chake. Anashuka kwenye daladala barabarani, anatembea ile njia ya mikarafuu, anapiga hodi, anavua viatu, anakaa pembeni mwa mkeka. Hasemi kitu. Watoto walimzoea hata wakawa wanamkalia mapajani. Wakishaondoka, ananisaidia kufagia, kisha ananiuliza swali moja. Mara nyingi lilikuwa hili: "Mwanangu, mtoto gani hukumsemesha leo?"

Wiki ya kwanza nilimwambia nimewasemesha wote. Akaanza kunitajia majina. Yule aliyekaa karibu na dirisha. Yule pacha wa pili. Yule binti wa mvuvi ambaye hasumbui, na kwa sababu hasumbui amepita asubuhi nzima bila mtu kumtazama usoni. Jumanne zilizofuata nilimwogopa, baadaye nikawa namngoja. Hadi leo sijapata mafunzo yaliyonigeuza kama yale, na yule msimamizi wangu wa hapa, anayeuliza umeona nini, ninamsikia kwa sauti ya Bi mkufunzi. Tofauti ni kwamba wa hapa ana saa zilizotengwa katika ratiba yake kwa ajili yangu, zinazolipwa, na hawezi kuniondokea kabla sijamaliza. Ziara za Bi mkufunzi zilikuwa za miaka miwili. Zilipokwisha nilibaki na watoto sitini na watatu na swali lake.

Miaka ileile kulikuwa na vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze: redio inaimba na kuuliza, watoto wanajibu na kuruka, na mama wa kijiji anawaongoza chini ya mwembe au barazani. Nilivipenda, na vilifika kwenye vijiji ambavyo skuli haikufika. Ila redio husema, haioni. Yule mama aliyeshika kituo alikuwa na haja ileile niliyokuwa nayo mimi, ya mtu wa kukaa pembeni.

Naona tunalisahau jambo hili sasa, wakati tunapiga hatua kweli. Siku hizi vijana wetu wanasomea cheti na diploma ya elimu ya maandalizi, wanajua saikolojia ya mtoto kuliko nilivyoijua mimi. Mtoto wa dada yangu ni mmoja wao. Alipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wa chuo chake alifika mara moja, akakaa kama dakika ishirini, akakagua andalio la somo na zana ukutani, akajaza fomu, akaondoka. Alama alizompa zilikuwa nzuri. "Mamdogo," aliniambia, "hata jina la mtoto mmoja hakuliuliza." Sasa ameajiriwa, ana darasa lake, na mlango ukifungwa asubuhi yuko peke yake. Kwa Bara, mtaala wa elimu ya awali wa 2016 ulitaka mwalimu mmoja kwa watoto wasiozidi 25. Kila anayeijua skuli ya shamba, Bara au Visiwani, anajua safari iliyobaki. Kujenga madarasa kutachukua miaka. Kumpa mwalimu mzoefu nauli na asubuhi moja ya wiki akakae kwa mwenzake anayeanza, hilo tulishaliweza tukiwa maskini zaidi ya sasa. Wapo wakufunzi wastaafu Unguja na Pemba waliolifanya kwa miguu yao. Wangeitwa wiki hii, wengi wangekuja.

Mimi niko mbali, siwezi kukaa kwenye mkeka wa mtu. Tulikubaliana na yule mtoto wa dada yangu kwamba kila Ijumaa baada ya sala atanitumia ujumbe wa sauti. Picha na video za watoto nilimkataza, maana hapa nimefundishwa kuwa sura ya mtoto ni amana ya mzazi wake, na nimeona ni haki. Ijumaa ya kwanza nilimuuliza swali la Bi mkufunzi. Akanijibu upesi kwamba amewasemesha wote.

Ijumaa iliyofuata ujumbe ulikuwa mrefu. Mvua ilikuwa inapiga bati, na nyuma yake kuku analia. Alikuwa na rejista mkononi, anasoma taratibu, anasita, anasoma tena. Alinitajia majina kumi na moja. Kwenye la kumi na moja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu, Mamdogo, hata sauti yake siijui. Jumatatu naanza naye."