Ukiona Kasino Inakupenda, Jiulize

Wasee, hakuna mtu amewahi kufukuzwa kasino kwa kupoteza. Poteza kodi ya nyumba, poteza karo, poteza gari ya mzee, bado utaletewa kinywaji na kuulizwa kama uko sawa. Lakini anza kutumia kichwa vizuri kwenye meza ya blakijeki, hapo ndio utaonyeshwa mlango.

Wiki hizi mbili nimekuwa nikichimba hii stori juu ya meseji zinazojaa inboksi yangu. "Buda, hii mambo ya kuhesabu karata ni ya ukweli? Naeza toa pesa hapo?" Wengi wameona ile filamu ya 2008, 21, ya wanafunzi wa MIT. Wengine wameona video za wasee wakitolewa kasino huko Las Vegas. Jibu langu ni refu kidogo, kwa hivyo kaa tuongee.

Kwanza, ni ukweli. Mwaka 1962 mwalimu wa hesabu wa chuo kikuu huko Marekani, Edward Thorp, alitoa kitabu kinaitwa Beat the Dealer, akaonyesha kwa hesabu kwamba blakijeki inaweza kushindwa. Si uchawi. Karata zikishatoka hazirudi mpaka zichanganywe tena. Kwa ile njia maarufu zaidi, ukiona 2 hadi 6 unaongeza moja kichwani. Ukiona 10, zenye picha ama ile ya A, unatoa moja. 7, 8 na 9 unaziacha zipite. Hesabu ikipanda, inamaanisha karata kubwa bado ziko kwa wingi, na hizo zinamsaidia mchezaji kuliko kasino. Hapo unaongeza dau. Ikishuka, unapunguza.

Sasa sikia faida yake: mtu anayefanya hivi bila kukosea anaishinda kasino kwa kama asilimia 1. Moja. Na hiyo ni akiwa na pesa za kutosha kuvumilia siku mbaya, ambazo ni nyingi.

Na ni halali. Kule Nevada, ambako Las Vegas iko, kuhesabu kwa kichwa chako si kosa. Kosa ni kutumia kifaa kukusaidia. Lakini kasino ni mali ya mtu, na mwenye nyumba huchagua mgeni.

Wanakushika aje? Kamera ziko juu ya kila meza, na kuna watu nyuma yake wanaojua kuhesabu kukuliko. Hawaangalii sana kama unashinda, juu kuna mtu hushinda kwa bahati tu. Wanaangalia kama dau lako linapanda na kushuka pamoja na hesabu. Wakishuku, mgawaji anaanza kuchanganya karata mapema, na hesabu yako yote inarudi sifuri. Ukiendelea, anakuja msee wa suti, mpole kabisa, anakuambia unaweza kucheza kitu kingine chochote hapa ndani, lakini si blakijeki. Ama unaambiwa ubeti kiasi kilekile kila mzunguko. Ukiwasumbua zaidi, unasomewa onyo rasmi kwamba hutakiwi hapo tena. Ukirudi baada ya hilo onyo, sasa umevunja sheria kwa kuingia mahali ulipokatazwa.

Zamani ilikuwa na ubaya wake. Kulikuwa na kampuni ya upelelezi, Griffin Investigations, iliyokuwa inauzia kasino kitabu cha picha za watu wa kuangaliwa. Wahesabu karata walikuwa wanawekwa pamoja na wezi wa kweli. Wachezaji wawili waliipeleka kortini kwa kuwachafulia jina, wakashinda, na mwaka 2005 kampuni ikaomba kinga ya kufilisika.

Huko New Jersey mambo ni tofauti. Mchezaji mmoja, Ken Uston, alizuiwa kucheza kasino ya Atlantic City, akashtaki. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema kasino haina ruhusa ya kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu. Ushindi, sivyo? Ngoja kwanza. Mtu akibaki, meza ndio inabadilika: pakiti nyingi zaidi za karata, kuchanganya mapema. Na hata huko Las Vegas, siku hizi meza nyingi ukipata blakijeki zinakulipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2. Yaani ukiweka 1,000, faida ni 1,200 mahali ilikuwa 1,500. Hiyo 300 inatoka kwa kila mtu, hata yule hajui kuhesabu.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi ni cha 1964. Kasino za Las Vegas ziliogopa kitabu cha Thorp zikakaza sheria za mchezo. Wateja wakahama meza, na baada ya wiki chache tu sheria za zamani zikarudishwa. Unajua kwa nini? Wengi waliokisoma kitabu hawakuwa wanaweza kuhesabu. Walikuwa wanaamini wanaweza. Na mtu anayeamini anaweza ni mteja mtamu kuliko wote.

Hapo ndio nilielewa ofa niliyotumiwa mwaka jana. Kampuni moja ya kubeti ilitaka nitangaze linki yao. Mimi kampasi niliacha mwaka wa pili karo ilipoisha, sina mshahara wa mwisho wa mwezi, kwa hivyo nilisoma mkataba nikiwa na njaa ya kweli. Nilikuwa nilipwe asilimia ya pesa ambazo nyinyi mngepoteza. Na mkishinda, hesabu yangu inashuka. Yaani kila usiku nilale nikiomba mshindwe ndio nilipe landilodi. Nilikataa, na mwezi huo nikakula ugali na sukuma mpaka sukuma ikanizoea.

Ndio maana meseji moja ilinikosesha usingizi. Kijana ana 8,000 ya karo, amejifunza kuhesabu kwa YouTube, anataka kuizalisha na blakijeki ya simu. Nilimjibu hivi: kwenye mchezo unaoendeshwa na programu, karata kwa kawaida zinachanganywa upya kila mzunguko. Hakuna kilichobaki cha kuhesabu. Unahesabu magari yaliyopita jana ukitafuta kujua matatu ya leo itakuja saa ngapi. Na ile ya mgawaji wa moja kwa moja kwa kamera, mara nyingi wanatumia pakiti 8 na kuchanganya wakifika katikati. Hakuna msee wa suti atakuja kumtoa, juu hakuna haja. Hadi sasa hajanijibu.

Kwa hivyo mtu akikuuzia fomula, iwe ya karata ama sinyali za ile ndege Telegram, muulize swali moja: amefukuzwa mara ngapi? Hawa watu wana kamera na programu, na wanamjua anayewatoa pesa. Wakimwona wanamfungia mlango. Kama yeye bado anatumiwa bonasi na meseji za "tumekukosa", basi kuna mtu ameshahesabu, na si yeye.

Angalia simu yako leo. Nani anakutumia bonasi, na unadhani anakuonaje? Niandikie hapo chini.