Injini Husikilizwa Ingali Baridi

Mama mmoja mshonaji wa Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, alikuwa ameweka akiba kwa miaka sita. Fedha hizo aliahidi kumchangia kaka yake aishiye mjini, ambaye moyo wake ulikuwa umeangukia gari dogo la Kijerumani, la milango mitano na viti vya ngozi, lililokwisha kutumika Japani. Rangi yake iling'aa. Lililobaki ni kujua hali ya injini.

Kazi hiyo alipewa mzee mmoja, fundi wa siku nyingi kutoka Bukavu. Naye alipata ruhusa ya kutoka kambini siku moja tu.

Walipofika, mzee hakuomba ufunguo. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakuta ina joto. Mwenye gari alikuwa amekwisha kuliwasha, eti wageni wasicheleweshwe. Ni adabu njema, lakini huweza kuficha neno.

Mzee akaketi kivulini, akaeleza. Katika injini nyingi za namna hii, cheni inayoendesha valvu hukazwa kwa msukumo wa oili. Gari likilala, msukumo huo hupotea. Cheni iliyolegea hulia sekunde chache za kwanza, kisha hunyamaza. Ikilegea mno huruka meno, pistoni zikagonga valvu, na injini ikawa chuma chakavu. Katika dizeli za BMW zilizoanza kutengenezwa mwaka 2007, cheni hiyo iko nyuma, upande wa giaboksi, hata kuibadili ni kazi ya kushusha injini nzima.

Kaka alinung'unika kwamba mnunuzi mwingine angefika adhuhuri.

“Kaka yangu,” mama akasema, “fedha hizi ni macho yangu.”

Wakangoja. Mzee akachungulia kifuniko cha oili, asione ute mweupe uletwao na maji. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili pungufu, nyeusi tititi. Alasiri, boneti ilipopoa, akaomba ufunguo. Injini ikalia kama maharage ndani ya kopo, sekunde tatu hivi, ikatulia.

Mwenye gari akasema magari yote ya Ulaya hulia hivyo. Mzee akamwomba ayaandike maneno hayo katika hati ya mauzo. Hakuandika.

Mama akafunga fedha zake katika pindo la kitenge. Kituoni, basi dogo la Dowa lilikuwa likijaza abiria.