Boriti za Babu Yetu

Mwezi uliopita mwanetu alirejea kutoka shuleni hapa Kibiti na kazi aliyopewa na mwalimu wake: aandike historia ya mahali pao. Nasi, bila ya kufikiri, tukamsimulia habari za Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikono ya Mto Rufiji hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mtoto akaandika yote, akainua kichwa, akauliza: "Na sisi, baba, tulikuwa tukifanya nini?"

Twakiri tulinyamaza. Babu yetu alikuwa mkata boriti katika delta, na miaka yote tuliyokaa naye barazani hatukumwuliza hata siku moja habari za kazi yake. Pengine tuliona haya, kwa kuwa ilikuwa kazi ya matope.

Basi Jumamosi iliyofuata tukateremka na kijana wetu hadi Nyamisati, tukapanda mashua, tukaingia katika vijito vya mikoko. Njiani tukamweleza tulichokijua. Aliyelala katika nyumba ya mawe ya Unguja au ya Lamu akatazama dari, ameiona miti ya pwani kama hii. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu yake: boriti haivuki mita 3 hivi, na ukuta hauna budi kuufuata mti. Uarabuni na nchi za Ghuba, ambako misitu ni haba, nako waliingoja. Vyombo vilikuja na kaskazi vikileta tende na chumvi, vikarudi na kusi vikiwa vimejaa miti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliingia humu katika chombo cha Kuwait kilichokuja kupakia boriti, akayaandika aliyoyaona. Kwa kitabu chake twamjua nahodha, Ali Nejdi. Babu yetu, ambaye mwaka ule alikuwa kijana mwenye shoka, hatukumtarajia humo. Mgeni huandika habari za aliosafiri nao. Baadaye mafuta yakaleta fedha katika Ghuba, saruji na chuma vikashika mahali pa boriti, na biashara ile ikafifia.

Kijijini tulimkuta mzee aliyepita miaka 80, ameketi chini ya mkorosho akishona wavu.

"Shikamoo, babu," akasema mwanetu.

"Marahaba, mjukuu wangu. U mtoto wa nani?"

Tulipolitaja jina la babu yetu, mzee aliuweka wavu chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Yule! Alikuwa hapigi shoka ila kwa Bismillahi, na nyuki walimkimbiza vile vile!"

Akamhesabia mtoto kwa vidole: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila mmoja na unene wake, na miti 20 ndiyo korija. Akaeleza jinsi walivyokata maji yakiwa yamekupwa, wakaiburura miti katika tope la magotini, kisha wakangoja maji yajae ndipo mitumbwi iweze kuifikia. Yeye alianza akiwa mtoto, na aliyemfundisha kuuweka mti begani usimvunje shingo ni babu yetu. Hayo hatukuyajua.

Kisha akaivuta kanzu yake, akatuonyesha bega la kuume. Palikuwa na sugu kubwa, ngumu kama gome. Tuliitambua mara moja. Babu yetu alikuwa nayo mahali pale pale, nasi utotoni tulidhani ni ugonjwa, tukakatazana kuigusa.

Mwanetu aliomba ruhusa, akaweka kiganja chake juu yake. Mzee akamwacha. Mwenye mashua alikuwa akituita, maji yanakupwa, na daftari lilikuwa bado halijafika nusu, tukamwambia atungoje.