Risiva ya Sebuleni na Sikio la Mume Wangu

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za mapishi, ulezi wa watoto na utunzaji wa nyumba. Leo naomba ruhusa yenu nilete shauri la chombo ambacho wengi wetu hukinunua kwa pupa, kisha tukakijutia kwa muda mrefu. Nasema juu ya ile mashine inayopokea sauti kutoka kwenye televisheni, redio au simu, ikaikuza na kuigawa kwenye spika. Wenye maduka huiita risiva. Isichanganywe na dekoda ya stesheni za televisheni, ambayo nayo watu wengine huiita kwa jina hilo hilo.

Mimi ni karani katika ofisi ya elimu ya wilaya, na kabla ya hapo nilisomea ualimu wa shule za msingi, nikafundisha miaka sita. Mume wangu ni askari jeshi. Tunaishi katika nyumba za kambi, si mbali na mji wa Jinja, na ukuta mmoja wa sebule yetu ndio ukuta wa jirani. Nayataja haya mapema kwa sababu ukubwa wa chumba na unene wa ukuta vina neno katika shauri hili kuliko watu wanavyodhani.

Mume wangu aliporudi kutoka Somalia mwaka 2019, ikiwa ni zamu yake ya pili huko, niliona kwamba kila akishika rimoti ya televisheni huongeza sauti. Nilimkemea, nikidhani ni mazoea ya kambini. Watoto wakicheka, naye hucheka, ila huchelewa kidogo. Jioni moja binti yetu mdogo alimwuliza, "Baba, yule mzee amemwambia nini mtoto wake?" Akajibu, "Hayo ni mambo ya wakubwa," akainuka na kwenda kukaa nje kwenye giza. Ndipo nilipofahamu kwamba hakusikia neno hata moja, na kwamba kwa muda mrefu alikuwa akikaa nasi pasipo kuwa nasi. Ilinichukua miezi mitatu kumshawishi aende hospitali. Wake wa askari wenzangu mnajua taabu hiyo.

Alipopimwa, iligundulika kwamba masikio yote mawili yamepungua nguvu, na la kushoto zaidi. Daktari hakushangaa. Mlio mmoja wa bunduki hupita desibeli 140, na mtu anayelenga kwa bega la kulia hugeuza sikio la kushoto kuelekea mtutu. Madhara ya mlio hushika kwanza sauti za juu, aghalabu zile zilizo kati ya hezi 3,000 na 6,000. Vokali hukaa chini na zina nguvu, lakini konsonanti kama s, f, t na k hukaa juu na ni dhaifu. Basi mtu husikia kwamba kuna anayesema, asijue anasema nini. "Kata," "pata" na "tata" kwake huwa neno moja. Ukimwongezea sauti ya televisheni, milipuko na ngoma huongezeka pamoja na maneno, na maneno hubaki yamefunikwa vile vile.

Kwa kutojua hayo yote nilikuwa nimekwisha kosea mara moja. Nilikopa katika chama chetu cha akiba, nikanunua kasha la homu theata lililokamilika, lenye spika tano ndogo kama matofali ya sabuni, sabufa moja, na mahali pa kuchezea diski. Juu ya kasha paliandikwa wati 5,000. Nililipa shilingi 650,000. Vyombo kabatini vilitetemeka, watoto walishangilia, na mume wangu hakusikia zaidi ya alivyosikia jana yake. Mwaka wa pili sehemu ya diski ilikufa, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa ndani ya sanduku moja, kikafa vyote. Spika zake zilikuwa na plagi za aina yake pekee, hazikufaa mashine nyingine. Hata leo ziko juu ya kabati, zinakusanya vumbi.

Nilipotaka kununua mara ya pili, nilifanya kama nilivyofundishwa chuoni: nikajifunza somo kabla ya kusimama mbele ya darasa. Kwanza nikajifunza habari ya wati. Zile 5,000 ziliandikwa pamoja na herufi PMPO, nayo ni hesabu isiyo na kipimo kilichokubaliwa. Kila mtengenezaji huandika apendavyo. Za kuangaliwa ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine huweza kuitoa mfululizo bila kukwaruza sauti. Tena hata hizo zisikutie wazimu. Ukitoka wati 50 ukaenda 100, umeongeza desibeli 3 tu. Sikio huhitaji kama desibeli 10 ili liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, na hizo hutaka nguvu mara kumi. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 tu, mtu aliye umbali wa mita moja hupata desibeli 85 hadi 90. Sebule yetu ni mita tatu kwa nne. Nikajiuliza, hizo elfu tano nilizinunua kwa uwanja gani?

Jambo la pili ndilo lililonifaa zaidi, nalo sikuambiwa na muuza duka yeyote. Katika sinema zilizotengenezwa kwa sauti ya njia tano na sabufa, maneno ya wachezaji kwa sehemu kubwa hupelekwa kwenye spika ya katikati, ile inayokaa chini ya televisheni. Risiva iliyo kamili hukuruhusu kuongeza spika hiyo peke yake, desibeli tatu, nne au tano, pasipo kugusa nyingine. Aghalabu ina pia mpangilio wa usiku, ambao hupunguza milipuko na kuinua minong'ono. Kwa sikio la mume wangu, vitu hivi viwili vilikuwa na thamani kuliko wati zote za kasha lile.

Labda utasema, mbona nyumbani kwetu tunatazama zaidi sinema zilizotafsiriwa Kiganda na wale wafasiri tunaowaita VJ, na hizo huwa na njia mbili tu za sauti? Ni kweli. Lakini sauti ya mfasiri huwa sawasawa kulia na kushoto, na risiva yenye Dolby Pro Logic II, mtambo uliotolewa mwaka 2000, hutambua kile kilicho sawa pande zote mbili na kukipeleka katikati. Mfasiri akiingia katikati, unampandisha utakavyo.

Basi nikaenda Kampala na flashi mkononi. Humo nilitia kipande cha sinema chenye watu wawili wanaosemezana huku mvua ikinyesha, wimbo wa Afrigo Band, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975, na wimbo wa Franco wenye magitaa yanayojibizana. Katika duka la kwanza kijana alinikaribisha, "Nyabo, sikiliza hii," akapiga muziki wake mwenyewe uliojaa ngoma. Nilipomwomba apige wangu akasita. Nikatoka. Katika duka la tatu, la vitu vya mitumba, mzee mmoja alinipa kiti, akaniacha nisikilize kwa muda wa saa nzima.

Risiva ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa nzuri na bei yake ilivutia. Niliigeuza nyuma. Kibao kilisema volti 100, maana ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na umeme wetu ni volti 240. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja utanusa moshi kabla ya kusikia wimbo. Zile za Marekani ni 120, nazo ni vivyo hivyo. Ya pili iliandikwa 230, ikakubali spika za omu 6 hadi 16. Tafadhali someni na hapo, kwa kuwa spika ya omu chache kuliko zilizoandikwa huivuta mashine umeme mwingi hata ikachemka. Ilikuwa na tundu la HDMI lenye herufi ARC, ambalo kwa waya mmoja hurudisha sauti kutoka kwenye televisheni. Tundu hilo lilianza na HDMI 1.4 ya mwaka 2009, hivyo mashine za zamani zaidi hazina. Hizo hutumia waya wa mwanga, nazo zaweza kufaa.

Nilitoa shilingi 700,000 kwa risiva, na 450,000 kwa spika tatu tu: kulia, kushoto na kati. Sabufa nilikataa. Mzee yule alistaajabu. Nikamweleza habari ya ukuta wetu. Sauti nzito hupenya ukuta kuliko nyingine zote, na jirani yetu akiwa zamu ya ulinzi usiku, hulala mchana. Kwa kweli nilikuwa nimekwenda kwa mkewe kabla ya safari, kumwomba radhi kwa habari ya kasha lile la kwanza. Akacheka, akasema, "Mama, sinema zenu zote tumezisikia. Ila hatukuziona." Niliona aibu mpaka leo.

Nyumbani nilipata vita vidogo na mama mkwe, aliyekuja kututembelea na kuifunika risiva kwa kitambaa kizuri alichokifuma mwenyewe. Risiva hutoa joto juu, yataka nafasi ya shubiri nzima. Kitambaa sasa kiko juu ya meza ya chakula, na amani imerudi. Na mawingu yakijikusanya juu ya ziwa tunachomoa plagi, maana radi za huku kwetu hazina simile.

Kwa muziki tunabonyeza kitufe cha stirio, spika ya kati ikanyamaza, na mbili za pembeni zikafanya kazi peke yake. Gitaa moja la Franco hukaa kushoto na jingine kulia. Mume wangu amehamisha kiti chake ili sikio la kulia, lililo zima zaidi, lielekee kati.

Jumamosi iliyopita tulitazama sinema moja ya Kihindi iliyotafsiriwa. Spika ya kati ilikuwa imepandishwa desibeli nne, na sauti kwa jumla ilikuwa chini kuliko ile tuliyozoea zamani. Mahali fulani mfasiri alitupa dhihaka juu ya mkwe bahili. Mume wangu alicheka kwa sauti, sisi wengine bado tukingoja. Binti akamgeukia na kuuliza, "Amesema nini, Baba?" Akamweleza, neno kwa neno.

Chama bado kinanidai miezi minne. Na mwezi ujao ana miadi hospitalini kupimwa kifaa cha kusaidia sikio, na safari hii mwenyewe ndiye aliyenikumbusha tarehe.